Risasi Katika Shabaha ya Bazhin

Kwa miaka tisa Kapitolina Savvichna alifua makoti meupe ya watu waliomwita mzembe. Moja kati ya makoti hayo alilijua hata akifumba macho: lilikuwa na doa la wino kwenye mfuko wa kushoto, na ndani ya mfuko hapakukosa maganda ya mbegu za alizeti. Lilikuwa la Venedikt Lukich Bazhin, mkuu wa idara. Kila Jumatatu lilipoletwa chumba cha kufulia, Kapitolina alikata uzi wa kifungo cha juu, akakishona upya kwa mishono miwili tu, ili kidondoke kabla ya Alhamisi. Na kilidondoka. Bazhin alinung'unika kwamba viwanda vya nyuzi vimeharibika siku hizi, na wanawake wa kufulia walikaribia kupasuka mbavu.

"Dada Kapa, ipo siku atakugundua," walimwambia.

"Huyo? Huyo hajawahi kutazama kazi ya mkono wa mtu," alijibu, akakata uzi kwa meno.

Kabla ya kufua makoti alikuwa fundi wa shabaha, na katika mji ule wa kando ya Volga hapakuwa na fundi wa kumfikia. Mji mzima uliishi kwa Taasisi, na Taasisi iliishi kwa kugonganisha viini vya atomi ndani ya mashine kubwa. Kiini ni ile punje iliyo katikati ya atomi. Viini vyote vina umeme wa aina moja, kwa hiyo havipatani: ukivisogeza karibu, vinasukumana. Ukikirusha kimoja kwa kingine polepole, kinageuzwa njiani. Ukikirusha kwa nguvu za kupita kiasi, vinaungana kwa kitambo kisichopimika, vinachemka, vinapasuka vipande. Kati ya polepole na kupita kiasi kuna upenyo mwembamba, na ndani ya upenyo huo, mara moja katika mabilioni kwa mabilioni ya migongano, viini viwili vinashikana na kubaki vimeshikana. Hapo ndipo huzaliwa elementi nzito ambayo ardhi yote haina hata chembe yake. Inaishi kitambo kidogo, inatema chembe, inageuka kitu kingine. Kwa ajili ya kitambo hicho watu wazima walikesha, waliachwa na wake zao, na walichongeana.

Shabaha ndiyo inayogongwa. Ni karatasi ya metali nyembamba kuliko ganda la kitunguu, iliyopakwa metali nzito ya thamani, nayo hupigwa na mkondo wa viini vyepesi wiki baada ya wiki. Upako ukizidi unene, viini vinapungukiwa na kasi vikiwa ndani yake na upenyo ule unakosekana. Upako usipolingana, shabaha inaungua. Baba yake Kapitolina alikuwa fundi viatu wa mji wa Kimry, na tangu utotoni binti alijua kwamba gundi ikipakwa kwa pupa soli huachia. Basi yeye hakupaka mara moja. Alipaka kwa brashi mara hamsini, maji ya metali yaliyozimuliwa kwa spiriti, na kila mpako aliuchoma kwenye tanuri kabla ya kuongeza mwingine. Hakufundishwa na mtu. Mbinu hiyo aliibuni mwenyewe.

Mwaka sabini na nne alitengeneza shabaha ya plutoni, metali yenye mionzi mikali, akaandika karatasi ya tahadhari: mkondo usizidi kipimo hiki. Bazhin alitaka matokeo kabla ya sikukuu ya Mapinduzi ya Novemba. Akaamuru mkondo uongezwe maradufu. Baada ya dakika arobaini shabaha ilitoboka, vumbi la plutoni likatapakaa ndani ya mashine, na mashine ikafungwa miezi miwili ili isafishwe.

Kamati ilipokaa, Bazhin alisimama na kusema kwa sauti ya huzuni: "Mkono wa fundi ulikuwa mzito. Tabaka halikulingana." Karatasi ya tahadhari ilitafutwa. Kapitolina alikuwa ameiweka kwenye meza ya Bazhin kwa mkono wake mwenyewe. Haikuonekana.

Akapelekwa kufua. Miaka miwili baadaye Bazhin alipata shahada ya juu kwa tasnifu kuhusu "mbinu ya tabaka nyingi nyembamba", akapewa na nishani. Siku hiyo Kapitolina alirudi nyumbani, akakaa jikoni bila kuvua koti lake la baridi, mpaka mumewe akaingia. Makar alikuwa fundi umeme wa sumaku kubwa ya mashine, mtu wa mzaha, lakini siku hiyo mzaha wake ulitoka kwa tahadhari.

"Usimtilie sumu tu, Kapa. Mengine yote ruksa."

"Sumu ni ya dakika moja," alisema. "Mimi namtaka akiwa mzima, wima, mbele za watu, kama nilivyosimamishwa mimi."

Donge la kisasi lilimkaa moyoni. Alilala nalo, akaamka nalo, akapika nalo supu ya kabichi. Alipomenya viazi alimwona Bazhin. Alipopiga pasi aliikandamiza pasi.

Mwaka themanini na tatu Taasisi ilipata kuriamu, metali ya tisini na sita katika jedwali la elementi. Hesabu ilikuwa wazi hata kwa wafagiaji: kalisi, iliyorushwa na mashine, ni ya ishirini, kuriamu ya tisini na sita, zikishikana unapata ya mia moja kumi na sita, ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Lakini shabaha haikushika. Fundi aliyerithi nafasi ya Kapitolina alifuata tasnifu ya Bazhin neno kwa neno, na upako ukabanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Tasnifu haikusema ni muda gani kila mpako uchomwe. Mwandishi wake hakujua.

Aliyetumwa chumba cha kufulia alikuwa Rufina Nazarova, mwanafizikia wa miaka ishirini na saba, mkweli kupindukia, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma alama zilizoandikwa na vihisi vya mashine.

"Shangazi Kapa, Venedikt Lukich anakuomba urudi kwenye shabaha."

"Ana miguu?"

"Anayo."

"Basi aje nayo."

Alikuja siku ya tatu. Alisimama kati ya mapipa ya maji ya moto, mvuke ukimlowesha miwani, na wanawake wote wakaacha kukamua nguo ili wasikie vizuri.

"Kapitolina Savvichna, yaliyopita yamepita."

"Kwako wewe."

"Tunakuhitaji."

"Rudia, mvuke una kelele."

Akarudia kwa sauti ya juu. Kapitolina akafuta mikono kwenye aproni. "Nitarudi. Lakini kila shabaha itakuwa na hati yake: uzito, unene, na uchafu wote uliomo. Nitasaini mimi, na utasaini wewe. Bila saini yako haiingii kwenye mashine."

"Urasimu huo," alisema Bazhin, akijaribu kutabasamu.

"Umenifundisha wewe."

Wakati huo, kwa kweli, hati ile ilikuwa ngao tu. Alitaka asichomwe mara ya pili. Alirudi kwenye sanduku la kioo lenye glavu nene, akakuta vidole vyake havijasahau kitu, na siku ya kwanza alilia kidogo, mikono ikiwa humo ndani, isiweze kufika usoni kufuta machozi.

Shabaha ya kuriamu ilimchukua miezi mitano. Kabla ya kuifunga alipeleka sampuli kwa wakemia ikapimwe usafi, na jibu likarudi: ndani yake mlikuwa na risasi. Si ile ya bunduki, bali madini yenyewe, ile metali laini ya kijivu. Kuriamu ilikuwa imehifadhiwa miaka mingi ndani ya makasha ya risasi ili mionzi yake isidhuru watu, na kidogo kilikuwa kimepenya. Kidogo sana, lakini Kapitolina alishtuka, kwa kuwa aliwahi kutengeneza shabaha za risasi tupu kwa ajili ya majaribio, na aliikumbuka siku ile vihisi vilipoonyesha alama ndefu ya ajabu, kumi na moja nukta sita kwa kipimo chao. Wazee wa idara walicheka wakamweleza: kalisi ikigonga risasi huzaa aina ya poloni ambayo hutema chembe yenye nguvu nyingi mno, mtu asiyejua atadhani ameona elementi mpya.

Akaandika kwenye ukurasa wa pili wa hati, mstari wake peke yake: Risasi ipo. Kiasi hiki. Akaipeleka mwenyewe.

Bazhin alikuwa kwenye simu. Alimwashiria aweke karatasi mezani, akasaini ukurasa wa kwanza, akaukunja wa pili bila kuutupia jicho, akasaini chini yake, na kwenye nakala vilevile.

"Venedikt Lukich, ukurasa wa pili kuna jambo..."

Bazhin akafunika simu kwa kiganja. "Mama, wewe paka. Fizikia tuachie sisi."

Kapitolina angeweza kusema neno moja tu, risasi, na mambo yote yangekwenda njia nyingine. Neno lilikuwa ulimini kabisa. Akalimeza. Aliichukua nakala yake, nakala ya pili akaipeleka masjala ikapigwa muhuri, akashuka ngazi polepole, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi lile donge lilikuwa tamu.

Mashine ilipiga shabaha ile wiki saba mfululizo. Makar alirudi nyumbani kila siku akiwa amechoka, akasema sumaku inavuma kama ng'ombe mgonjwa. Wiki ya saba alirudi mbio.

"Wameipata! Alama moja! Kumi na moja nukta sita! Bazhin anabusu watu kwenye korido, hata mimi kanibusu, mdomo wake unanuka alizeti."

Kapitolina akaendelea kukata kitunguu. "Kumi na moja nukta sita," alisema. "Haya."

Makar akamtazama. Walikuwa wameoana miaka ishirini na sita. "Kapa. Unajua kitu gani?"

"Najua yaliyoandikwa."

Kesho yake Rufina alimfuata kwenye maabara, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alifunga mlango.

"Shangazi Kapa, nambie ukweli. Shabaha ni safi? Alama hii inanitia wasiwasi. Imetokea peke yake, haina mtoto wala mjukuu, hakuna alama za vitu ambavyo elementi mpya ingegeuka baadaye. Kama kungekuwa na risasi..."

Hapa Kapitolina alihisi kisu. Huyu msichana hakuwa Bazhin. Huyu alikuwa akimletea pai za kabichi alizopika mama yake. Lakini akimwambia Rufina, Rufina atamwambia Bazhin leo hii, Bazhin atafuta madai yake kimyakimya, na mwezi ujao atakuwa bado mkuu, bado na nishani, bado na maganda mfukoni.

"Hati iko kwa Venedikt Lukich," alisema. "Mwombe uisome."

"Nimemwomba. Anasema amesaini mwenyewe, anajua kilichomo."

"Basi anajua."

Rufina akaondoka akiwa ametulia nusu. Kapitolina akageukia sanduku lake la kioo, akaingiza mikono kwenye glavu, akaitoa bila kugusa kitu.

Mwezi Aprili ukumbi ulijaa watu wa kusikia elementi mpya ikitangazwa. Walikuja watu wa Leningrad, wa Kiev, na wageni wa nchi za nje wenye viatu laini. Msomi mzee mwenye ndevu nyeupe aliongoza kikao. Bazhin alizungumza saa nzima, na alizungumza vizuri. Rufina alisimama kando ya ubao, chaki mkononi, akiandika namba alizoamriwa. Kapitolina alikaa safu ya mwisho, amevaa gauni la bluu alilonunulia harusi ya mpwa wake. Mwenyekiti alipouliza kama kuna maswali, waliuliza wakubwa kwanza, swali baada ya swali, na Bazhin akayadaka yote. Ndipo Kapitolina akasimama.

"Venedikt Lukich, naomba kuuliza. Ndani ya shabaha mlikuwa na risasi kiasi gani?"

Vichwa viligeuka. Bazhin akamtafuta kwa macho, akamwona, akacheka.

"Wageni wetu watusamehe. Huyu mama alikuwa mfuaji wetu wa makoti. Hamkuwa na risasi, Kapitolina Savvichna."

"Ni kweli, nimefua makoti yako miaka tisa," alisema, na sauti yake haikutikisika hata kidogo. "Kifungo cha juu hakikukaa hata wiki moja. Lakini shabaha hii nimeitengeneza mimi, na risasi ilikuwemo. Imeandikwa ukurasa wa pili. Umesaini chini yake."

Mzee mwenyekiti akauliza kama hati hiyo ipo. Akatumwa mtu masjala kuileta, na watu mia tatu wakangoja dakika kumi na mbili. Wakati huo wote Kapitolina hakuketi. Alimtazama Bazhin, akatazama jasho likitoka kwenye nywele zake, likashuka, likaingia kwenye ukosi. Alikuwa ameiota picha hiyo mara elfu, na haikupungua kitu. Mzee akavaa miwani, akasoma mstari ule kwa sauti. Kisha akasoma tarehe. Kisha akasoma jina lililosainiwa.

"Venedikt Lukich," alisema taratibu, "hukuisoma?"

Mgeni mmoja alifunga daftari lake, na sauti ya jalada ilisikika ukumbi mzima.

Ndipo Kapitolina alipomwona Rufina. Chaki ilikuwa imemdondoka. Hakuwa akimtazama Bazhin. Alikuwa akimtazama yeye, Kapitolina, moja kwa moja, na midomo yake ilikuwa ikisema kitu bila sauti. Wewe ulijua.

Madai yalifutwa kabla ya juma kwisha. Bazhin alivuliwa ukuu, na maswali yakafukua maswali. Mtu akauliza pia kuhusu tasnifu, mbona mwandishi alishindwa kutengeneza shabaha kwa mbinu yake mwenyewe. Kufikia Agosti alikuwa amepewa kazi ya kufundisha katika chuo kidogo mbali, upande wa milima ya Ural. Kabla ya kuondoka alikwenda kwenye shamba dogo la Kapitolina nje ya mji. Alimkuta akipanga matango kwenye mitungi ya chumvi na bizari. Bazhin alikuwa amezeeka ghafla, shati halina tai.

"Ulijua wiki ngapi?" aliuliza akiwa nje ya ua.

"Tangu kabla hujasaini."

"Ungeniambia tu. Neno moja."

"Nilikuambia kwa maandishi. Hata mwaka sabini na nne nilikuambia kwa maandishi."

Bazhin akashika mti wa ua. "Umenimaliza."

"Bado una mshahara na wanafunzi. Mimi nilikuwa na pipa la maji machafu." Akabana tango ndani ya mtungi kwa kidole gumba. "Nenda, Venedikt Lukich. Nina kazi."

Akaenda mpaka kwenye njia, akageuka. "Na yule binti? Yeye alikukosea nini?"

Kapitolina alijaza mtungi, akaufunga, akaanza mwingine, kisha akagundua hakutia chumvi.

Maana Rufina alikuwa ameumizwa kuliko Bazhin. Jina lake lilikuwa la pili kwenye yale madai. Watu walinong'ona kwamba ni mwanafizikia gani huyo aliyeona alama ya poloni akaiita elementi mpya. Safari ya masomo aliyokuwa ameahidiwa ilifutwa. Hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba aliuliza. Labda aliona aibu, labda kiburi.

Jumatatu iliyofuata Kapitolina alivaa tena gauni la bluu, akaenda Moskva kwa treni ya asubuhi, akabisha mlango wa yule msomi mzee. Makar alimsihi asiende. "Umeshinda, mama. Kaa na ushindi wako." Lakini alikwenda, akasema yote akiwa wima: kwamba Rufina Nazarova alikuja kwake kabla ya mkutano, akataja risasi kwa mdomo wake, akaomba hati akanyimwa, na kwamba yeye, Kapitolina, alimwacha aende hivyohivyo kwa makusudi.

"Kwa nini?" aliuliza mzee.

"Nilimtaka Bazhin. Huyo binti alisimama katikati."

Mzee akavuta karatasi. "Unajua nikiandika haya, utapata onyo kali. Utaondolewa kwenye shabaha tena."

"Andika."

Aliandika. Kapitolina alipewa onyo, akahamishiwa stoo ya vioo, na huko alikaa mpaka alipostaafu. Safari ya Rufina ilirudishwa. Siku ya kuondoka kwake Kapitolina alikwenda stesheni na mtungi wa matango. Rufina aliupokea kwa adabu, kwa mikono miwili.

"Ahsante kwa kwenda kwa mzee, Kapitolina Savvichna."

"Ungeendelea kuniita shangazi."

"Sitaweza." Akapanda ngazi ya behewa, akageuka. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomuuma Kapitolina zaidi. "Mama yangu anasema nikusamehe. Nimemwambia nitajaribu nikizeeka."

Treni ikaondoka. Kapitolina akarudi nyumbani kwa miguu, maana basi lilikuwa limejaa na hakutaka kuonwa. Makar alikuwa amepika uji wa mtama mweusi, ukaungua kidogo chini.

"Nikuulize," alisema Makar akimpakulia. "Ingerudi siku ile, Bazhin yuko kwenye simu, neno liko ulimini. Ungefanyaje?"

Kapitolina akala vijiko vitatu kwanza.

"Ningelimeza tena," alisema. "Ila Rufina ningempeleka mbali wiki hiyo. Ningemtafutia hata ugonjwa wa kusingizia."

Makar akacheka. Kapitolina hakucheka. Alikula uji wote, pamoja na ule ulioungua, akaosha bakuli, akalala mapema.